Vuli yangu ya kwanza kwenye bustani ya jumba la kizamani, Herefordshire

Ukija Uingereza utatajiwa kazi tatu: kulea wazee, maghala na usafi. Bustani hakuna anayekutajia. Mimi nilikuja kama tegemezi wa mume wangu, ambaye ni muuguzi, nikaanzia kwenye kulea wazee kama wengi wetu. Shifti za usiku zikanimaliza. Mwezi wa nane 2024 nikaona tangazo limebandikwa kwenye duka la kijijini: bustani ya jumba moja la kizamani, huku Herefordshire mpakani na Wales, inatafuta msaidizi wa kuanza Septemba. Cheti sina. Ila nimezaliwa Lushoto, jembe nimelishika kabla sijajua kusoma vizuri, na plamu na peasi kwetu ni matunda ya kupanga barabarani na kuuza. Nikaomba, nikapewa.

Tangu hapo ndugu kadhaa wameniuliza kazi yenyewe ikoje, na kila nikieleza kwa simu tunaishia katikati. Nimeona bora niandike yote, pamoja na yaliyoniudhi na hesabu ya pesa. Nazungumzia vuli tu, ule msimu wa majani kupukutika, Septemba hadi Desemba, kwa sababu ndio nilioanza nao na ndio unaomkimbiza mgeni.

Kwanza mjue ukubwa wa mahali penyewe. Kuna jumba, na wenyewe wanaishi humo. Mbele yake nyasi, kando ya nyasi matuta marefu ya maua, kisha nyigo za mti wanaouita yew, nene na ndefu kuliko mtu, zilizokatwa zikanyooka kama ukuta uliopigwa plasta. Nyuma kuna bustani ya mboga iliyozungushiwa ukuta wa matofali, nyumba ya kioo, shamba la matufaha, halafu malisho ya kondoo. Yote hayo yanatunzwa na watu wanne wa kudumu, mimi nikiwa wa nne na wa chini kabisa, pamoja na wastaafu wanaokuja kujitolea mara mbili kwa wiki. Shida yangu ya kwanza ilikuwa kumwita mtu wa miaka 78 kwa jina lake tupu, jinsi wenyewe wanavyotaka. Ulimi ulikataa. Nikawa namwita Mzee, akauliza maana yake, nikamweleza, akafurahi. Sasa bustani nzima inamwita Mzee.

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Sikuruhusiwa kugusa udongo.

Kwetu mvua za vuli zikianza mtu hasubiri kuambiwa. Mbegu zimeshachaguliwa, shamba limeshatifuliwa, mvua ya kwanza ya maana ikipiga asubuhi yake familia nzima iko shambani. Baba yangu alikuwa akisema aliyechelewa wiki moja atakula kwa jirani. Sasa Septemba 2024 hapa ilinyesha sana, siku baada ya siku, na mimi moyoni nikasema haya, kazi imefika. Mkuu wa bustani akainama, akachukua konzi ya udongo, akaufinyanga kati ya vidole ukawa kamba nyembamba inayong'aa. Akautupa. Akanipeleka kuosha vyungu na kusugua vioo vya nyumba ya kioo, nikafanya kazi hiyo karibu wiki mbili. Nilirudi nyumbani nikimwambia mume wangu kwamba wananiona sijui kulima.

Udongo wa Herefordshire ni mwekundu, na wekundu wake ndio ulionidanganya. Ukiutazama kwa macho utadhani uko Soni. Lakini ni mfinyanzi mzito, na jua la huku kuanzia Oktoba halikaushi kitu. Kwetu mvua ikikatika siku mbili, shamba linakanyagika. Hapa maji yakishaingia yanakaa hadi Machi. Ukiukanyaga mfinyanzi ukiwa umelowa, hewa yote inakamuliwa, unashikana, na mizizi uliyoipanda humo inakaa majini miezi minne ya baridi hadi ioze. Wala huwezi kurekebisha mpaka masika yao. Ndiyo maana kila tuta lina mbao ndefu za kukanyagia: unaweka ubao, unasimama juu yake, uzito wako unasambaa. Mtu akiingia kwenye tuta bila ubao, hata yule Mzee mpole, atasikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

Kwa hiyo sheria ya kwanza niliyoondoka nayo: kabla ya kupanda chochote, finyanga udongo. Ukitoka kamba inayong'aa, tafuta kazi nyingine. Na kazi nyingine zipo tele. Nyigo za yew zinamaliziwa kukatwa Septemba. Nyasi zinakwanguliwa kwa reki ya chuma kuondoa zilizokufa, zinatobolewa mashimo, zinamwagiwa mchanga, na palipo na upara panapandwa mbegu kabla ya katikati ya Oktoba maana baada ya hapo udongo unapoa na mbegu hazioti. Matufaha yanachumwa. Na kabla ya kufyeka chochote kwenye matuta, unapiga picha kwa simu kila hatua chache. Hili naomba mlichukue kwa uzito. Mwezi wa kumi na moja mimea mingi imepotelea ardhini, huoni kilicholala wapi, na uma wako wa kuchimbia utapasua mizizi ya mmea uliogharimu pesa nyingi. Picha za Septemba ndizo ramani.

Nifike kwenye vitunguu vya maua, yaani maua yanayoota kutoka kwenye kitunguu kinachofukiwa ardhini, kwa sababu hapo ndipo palipotokea balaa la mwaka.

Bustani za hivi haziagizi vitunguu msimu wa kupanda. Zinaagiza Mei au Juni, wakati bado wanakumbuka walichokiona kikichanua na palipokuwa na pengo. Mzigo unafika Septemba: makreti na mifuko ya neti, maelfu ya vitunguu vya tulipu, dafodili, krokasi na vile vya jamii ya vitunguu vya kula ambavyo hutoa maua ya duara ya zambarau. Dafodili zinaingia ardhini kwanza, Septemba ikiwezekana, kwa sababu zinaanza kutoa mizizi mapema. Tulipu zinasubiri Novemba. Nilishangaa kwa nini zikae kwenye kreti miezi miwili, nikaelezwa kuwa kuna ukungu unaounguza majani ya tulipu na kuyakunja, na baridi ya Novemba inaupunguzia nguvu. Tulipu hazidhuriki na kuchelewa, dafodili zinadhurika.

Sasa miezi hiyo miwili tulipu zinakaa wapi? Zinataka mahali penye ubaridi, giza na hewa inayopita. Na sehemu ya namna hiyo ilikuwa moja tu, ghala la matufaha, ambalo lilijengwa kwa ajili hiyo hiyo. Mzigo ulifika siku ya mavuno, kila mtu mikono imejaa, makreti mengi yakaingizwa ghalani yakapangwa chini ya rafu za matufaha. Makreti matatu hayakupata nafasi, yakabaki kwenye kibanda cha kupandia miche. Hakuna aliyefanya kwa uzembe. Ukiwaza kwa akili ya kawaida utaona ni sawa kabisa.

Matufaha yanapoiva yanatoa gesi, ethilini, ile ile inayoivisha ndizi zikifungiwa pamoja. Ndani ya kitunguu cha tulipu, ikifika vuli, ua changa limeshajiumba, dogo mno. Gesi ile inaliua likiwa humo humo, huku kitunguu kwa nje kikibaki kigumu, kizuri, bila doa. Tulivipanda vyote. Aprili 2025 majani yakatoka ya kijani, yenye afya, na maua hayakuja. Tuta zima la mbele, linaloonekana kutoka dirisha la sebule ya wenye nyumba, likawa majani matupu. Ukifungua katikati ya majani kwa kidole unakuta kitu kama kipande cha karatasi kavu. Zile za makreti matatu ya kibandani zilichanua zote, na ndizo zilizotuonyesha kosa lilikuwa wapi. Mwenye nyumba alikuja akasimama, akauliza mara moja tu. Mkuu wa bustani akabeba lawama yeye mwenyewe bila kututazama. Siku hiyo nilimheshimu.

Basi: vitunguu vya maua visikae chumba kimoja na matunda. Hata nyumbani kwako, ukinunua mfuko mmoja wa tulipu, usiuweke jikoni karibu na kapu la ndizi na matufaha.

Kupanda kwenyewe kulikuwa kuzuri. Nusu ya kwanza ya Novemba 2024 haikuwa na mvua ya maana. Anga lilikuwa la kijivu siku nenda siku rudi, jua hatukuliona, wenyeji wananung'unika, lakini udongo ulikaukakauka na kamba ya vidoleni ikawa inakatika. Mkuu wa bustani akasema sasa. Pale ndipo nikaona kumbe hawa watu nao wanajua kukimbia. Tulipanda tangu kunakucha hadi giza, na giza linaingia saa kumi na nusu jioni kwa sababu saa zilirudishwa nyuma tarehe 27 Oktoba.

Utaratibu ni huu. Kwanza inapandwa miche ya maua ya masika, yale yatakayofunika ardhi, halafu vitunguu vinaingia katikati yake. Ukigeuza mpangilio, utakuwa unachimbia miche juu ya vitunguu ulivyokwisha kufukia na kuvikata vipande. Vitunguu vinatandazwa vyote juu ya udongo kabla ya kuchimba hata shimo moja, mtu anasimama mbali na kutazama, anasogeza huku na huku. Kwenye nyasi za malisho wanavirusha kwa konzi na kuvipanda pale vilipoangukia, ili visionekane vimepangwa kwa kamba. Kina ni mara mbili hadi tatu ya urefu wa kitunguu, na kwa tulipu tulienda sentimita 15 hadi 20. Kwa mfinyanzi kama huu tunaweka konzi ya changarawe nyembamba chini ya kila kimoja, maji yapite. Ncha juu, mizizi chini. Ukishindwa kujua ipi ni ipi, laza ubavu, kitajigeuza chenyewe.

Vaeni glavu. Utomvu wa tulipu na dafodili unawasha na kupasua ngozi ya vidole, na siku ya pili ya kupanda bila glavu utashindwa kufunga vifungo vya shati. Tena dafodili ni sumu. Nimemsikia mtu mmoja akisema kitunguu ni kitunguu, kitaliwa tu. Hakiliwi.

Kindi wa kijivu nao wana macho. Wanakaa juu ya ukuta wakikutazama ukipanda, ukigeuka wanashuka kufukua. Dafodili hawazigusi, tulipu na krokasi wanazipenda. Dawa tuliyotumia ni waya wa kuku uliolazwa juu ya tuta na kubanwa kwa vigingi, ukaondolewa majani yalipoanza kuchomoza. Kuna pilipili na makorokoro mengine yanayouzwa kwenye makopo. Kwa nilivyoona, mvua moja inayasafisha yote.

Rafiki yangu wa wiki hizo alikuwa ndege mdogo mwenye kifua chekundu. Ukichoma uma ardhini ameshafika. Anasimama juu ya mpini wa uma uliouacha mita moja kutoka ulipo, anainamisha kichwa, ukigeuza bonge la udongo anaruka karibu na kidole chako, anavuta mnyoo, anarudi mpinini. Kama hujamgeuzia udongo dakika kadhaa, anaimba kwa hasira. Kuna siku niliongea naye Kisambaa siku nzima, maana wengine wote walikuwa upande wa pili wa ukuta.

Upweke upo, nisiwafiche. Unafanya kazi umeinama, saa nyingi, mvua ikikupiga mgongoni, na unapomaliza nje ni usiku. Novemba nililia garini mara moja au mbili bila sababu ya kueleza. Serikali yao inashauri watu wote wafikirie kutumia vitamini D, maikrogramu 10 kwa siku, vuli na kipupwe, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Zinauzwa bei ndogo kwenye duka lolote la dawa. Mimi nilianza Desemba, na ningependa ningeambiwa Septemba.

Turudi kwenye baridi. Kuna sakitu, ule umande unaoganda usiku ukawa mweupe kama chumvi. Watu wa Njombe na Makete mnaujua. Kazi ya vuli inagawanyika kati ya mambo ya kufanya kabla ya sakitu na mambo yanayoisubiri, na ukichanganya umepoteza mmea.

Kabla yake unatoa mimea ya nchi za joto. Hapa palikuwa na migomba. Ndiyo, migomba. Ipo aina mbili. Mmoja ni ule wa majani mapana mekundu, jamii ya mgomba wa porini unaoota kwetu Afrika Mashariki na ambao Waethiopia wanakula shina lake, enseti. Huo haustahimili baridi hata kidogo. Oktoba tuliuchimbua, tukapunguza mizizi, tukakata majani yote tukaacha ule mkuki wa katikati, tukauingiza kwenye nyumba ya kioo yenye joto kidogo, ukakaa karibu mkavu hadi masika. Ukiumwagilia wakati huo unaoza.

Wa pili asili yake ni China, Wajapani waliulima kwa ajili ya nyuzi. Huo unabaki ardhini. Unasubiri sakitu iunguze majani, unayakata, unazungushia shina waya wa kuku, unashindilia majani makavu ya ngano ndani hadi juu, halafu unaweka kifuniko mvua isiingie kwenye moyo wa mgomba. Mvua ndiyo mbaya kuliko baridi yenyewe. Nilipomaliza nikampigia mama simu ya video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho nini?"

"Mgomba. Nimeuvalisha koti."

Akanyamaza kidogo. "Na mkungu wake mkubwa kiasi gani?"

Nikamwambia hauzai ndizi za kula, wanautaka kwa majani tu. Alicheka mpaka simu ikaanguka, nikabaki natazama dari ya jikoni kwetu Lushoto.

Kinachoisubiri sakitu ni dalia, maua yenye mizizi minene kama viazi. Tuliziacha zikichanua hadi wiki ya tarehe 18 Novemba, theluji ilipoanguka na majani yakawa meusi usiku mmoja. Hapo ndipo mizizi yake inakuwa imeshashiba. Unakata shina ubakize kama sentimita 15, unazunguka na uma kwa mbali, unainua taratibu. Kwenye udongo mwepesi wapo wanaoziacha na kuzifunika kwa matandazo mazito, ila kwenye mfinyanzi huu zinaoza. Kabla mmea haujatoka mkononi mwako, funga kibandiko chenye jina lake kwenye shina. Si baadaye, si ukifika kibandani. Zikishatoka ardhini zote zinafanana, na jumba hili lina aina nyingi ambazo mwenye nyumba anazijua kwa majina kuliko anavyotujua sisi. Kisha zinapinduliwa mashina chini, maana ni matupu ndani na hujaa maji, zinaachwa zikauke, ndipo zinafukiwa kwenye mboji kavu ndani ya trei mahali pasipoganda. Kila mwezi unapita unazibonyeza. Iliyolainika unaitoa kabla haijaozesha jirani zake.

Majani yaliyopukutika nitayasema kwa kifupi, ingawa ndiyo yaliyokula saa nyingi kuliko kitu kingine. Hayaanguki siku moja. Mialoni inashikilia majani yake hadi Desemba, kwa hiyo ukisafisha nyasi zing'ae katikati ya Oktoba umejichosha bure. Yaondoe kwenye nyasi kabla hayajazifunika zikanyimwa mwanga, yaondoe njiani kwa sababu yanateleza, na yaliyo chini ya nyigo yaache, kalunguyeye wanalala humo. Tunayoyakusanya tunayatupa kwenye vizimba vya waya, baada ya mwaka mmoja au miwili yanakuwa mboji nyeusi, laini, isiyo na harufu. Majani ya waridi yenye madoa meusi hayaingii humo, yanapelekwa mbali.

Mada ya kufyeka matuta ya maua ilileta ubishi kila wiki. Mwenye nyumba anataka yawe safi kabla ya wageni wa Krismasi. Mkuu wa bustani anataka mabua na vichwa vya mbegu visimame hadi Februari, ndege wale mbegu na wadudu walale ndani ya mabua. Wakakubaliana nusu kwa nusu: upande wa mbele umefyekwa, wa nyuma umeachwa. Mimi niliyelelewa kwamba shamba chafu ni aibu ya mwenye shamba, nilikuwa upande wa mwenye nyumba. Nilibadilika asubuhi ya sakitu nilipoona makundi ya ndege wadogo wakining'inia kwenye mabua ya upande wa nyuma, na upande wa mbele hakuna hata mmoja.

Mwishoni mwa Novemba miche isiyo na udongo mizizini ilianza kufika. Mawaridi, miti ya nyigo, matufaha. Inauzwa hivyo kati ya Novemba na Machi wakati imelala, na ni rahisi kuliko iliyo kwenye vyungu. Adui yake ni upepo: mizizi mitupu ikiachwa wazi hata saa moja inakauka. Ikifika, iloweke kwenye ndoo saa moja au mbili. Kama huwezi kupanda siku hiyo, chimba mfereji, ilaze humo, fukia mizizi, itakaa wiki kadhaa bila neno. Sisi tulilazimika. Dhoruba Bert ilipita kati ya tarehe 22 na 25 Novemba, malisho yakawa ziwa. Halafu Darragh, tarehe 6 na 7 Desemba, ikaangusha mti mkubwa juu ya wigo tuliotaka kuuongezea. Miche iliyofukiwa mferejini ilitoka salama, tukaipanda Januari. Mambo mawili tu kuhusu kupanda: mti wa tufaha uliobebeshwa, lile goti la kuungia libaki juu ya udongo, na waridi jipya usilipande pale pale lilipokufa la zamani, labda uuhamishe udongo wote, la sivyo litadumaa.

Sasa pesa. Nililipwa kima cha chini, ambacho tangu Aprili 2024 kilikuwa pauni 11.44 kwa saa kwa aliyefikisha miaka 21, kikapanda hadi 12.21 Aprili 2025. Kilichonishtua ni kwamba saa ziliporudishwa nyuma, mkataba wangu nao ulishuka kutoka saa 40 hadi 35 kwa wiki. Ilikuwa imeandikwa, kwa herufi ndogo, "saa za kipupwe". Karibu pauni 57 kwa wiki ziliondoka kabla ya kodi, wakati ule ule bili ya kupasha nyumba joto inapanda. Uliza kabla ya kusaini.

Vifaa vya kukukinga na hatari ya kazi mwajiri anapaswa kukupa bila kukukata, kwa hiyo usikimbilie kununua buti na glavu kabla hujauliza atatoa nini. Soksi hatoi. Nunua za sufi, na ubebe jozi ya kubadilisha mchana. Vidole vyangu vya miguu vilivimba, vikageuka rangi, vikawasha usiku hadi nikashindwa kulala. Ni ugonjwa wa baridi tu, na kinachouzidisha ni kuviweka kwenye hita ukitoka nje. Vipashe polepole, kwa blanketi. Na kila ukishika mboji nawa mikono kabla ya kula, mboji inaweza kuwa na bakteria wanaoshambulia mapafu.

Kwa anayetaka kuingia: ukiwa na kibali kinachokuruhusu kufanya kazi, cheti si lazima kwa kazi ya msaidizi. Kwa kupanda cheo, wanachokiangalia zaidi ni cheti cha Level 2, yaani ngazi ya pili, cha RHS, ile jumuiya yao ya kilimo cha bustani iliyoanzishwa 1804, na unaweza kuisoma ukiwa kazini. Mimi nimeanza. Upo pia mpango uitwao WRAGS unaomweka mtu kwenye bustani saa chache kwa wiki kwa mwaka mzima akijifunza huku analipwa, unawafaa sana kina mama wenye watoto shuleni.

Kwenye mahojiano utapelekwa kutembezwa. Uliza udongo ni wa aina gani, saa za kipupwe ni ngapi, nani analipia mafunzo ya mashine, na vitunguu vya maua vinahifadhiwa wapi. Swali hilo la mwisho litawafanya wakutazame kwa jicho jingine. Halafu omba kuonyeshwa choo na mahali pa kukaushia nguo. Kuna majumba yana ekari zisizohesabika na hayana hata msumari wa kutundika koti lililolowa.